Nukta Isiyosikika: Mwimbaji kama Mhakiki katika Ushairi wa Kigiriki Ulioimbwa

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya mwimbaji katika ushairi wa Kigiriki ulioimbwa kati ya mwaka 1922 na 1974. Hoja yake kuu ni kwamba mwimbaji si chombo cha kupitishia maneno ya mshairi, bali ni msomaji anayeitolea matini uamuzi wa maana, na kwamba uamuzi huo unastahili kupimwa kwa vigezo vya kihakiki kama unavyopimwa ule wa mshairi. Mifano inayojadiliwa ni waimbaji wa rebetiko wa bandari ya Piraeus, rekodi mbili za Epitafios za mwaka 1960, na wimbo uliotokana na shairi la Giorgos Seferis liitwalo Arnisi. Aidha, makala inaonesha jinsi maisha ya kazi ya waimbaji wanne yalivyoathiri lugha waliyoimbia na matini walizoziimba. Mwisho inapendekeza mambo ambayo uhakiki wa nyimbo za Kiswahili unaweza kujifunza kutokana na mjadala huo.

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa Kiswahili akutanapo na wimbo hufanya jambo moja kabla ya mengine yote: huuandika. Huyahamisha maneno kutoka kinywani hadi karatasini, huyapanga katika beti, huhesabu mizani, husaka vina, kisha ndipo huanza kuhakiki. Utaratibu huu una manufaa yake, nao umetupatia tasnifu na makala nyingi kuhusu taarab, muziki wa dansi na nyimbo za jandoni na unyagoni. Hata hivyo, una gharama ambayo ni nadra kuhesabiwa. Wimbo ukishaandikwa hubaki na mtunzi peke yake. Mwimbaji hutoweka, au hutajwa kwa heshima katika sentensi moja kama mtu aliyeuazima utungo sauti yake nzuri.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, sauti huongeza nini katika maana ya shairi, na je, nyongeza hiyo inaweza kuhakikiwa, au ni suala la ladha ya msikilizaji tu? Ili kulijibu, tumechagua uwanja ulio mbali na kwetu, yaani Ugiriki ya karne ya 20. Sababu za uchaguzi huo ni tatu. Kwanza, ni nchi ambamo waimbaji waliolelewa na vilabu vya usiku na mitaa ya makabwela waliyaimba mashairi ya washairi wakuu, wakiwemo wawili waliotunukiwa Tuzo ya Nobel: Giorgos Seferis mwaka 1963 na Odysseas Elytis mwaka 1979. Pili, hadi mwaka 1976 Ugiriki iliishi katika hali ya diglosia. Serikali na taaluma zilitumia katharevousa, lugha iliyosafishwa ili ikaribie Kigiriki cha kale, ilhali watu walizungumza na kuimba kwa dimotiki, lugha ya nyumbani na sokoni. Kila aliyeimba kwa dimotiki alikuwa, kwa kutaka au kwa kutotaka, upande mmoja wa ugomvi wa lugha. Tatu, arudhi ya Kigiriki cha kisasa ina jambo ambalo mwanaarudhi wa Kiswahili atalitambua mara moja: mshororo wake mashuhuri una idadi maalumu ya mizani na umegawanyika vipande viwili.

Si nia yetu kudai kwamba muziki wa Piraeus na ule wa Unguja ni ndugu wa tumbo moja. Nia ni kutumia mfano wa mbali ili kuliona kwa uwazi zaidi jambo ambalo ukaribu hutuficha.

2.0 Waimbaji wa Bandarini na Sikio la Dola

Mwaka 1922 mji wa Smyrna uliteketea kwa moto mwishoni mwa vita kati ya Ugiriki na Uturuki. Mwaka uliofuata, makubaliano ya kubadilishana watu yaliyofikiwa Lausanne yalithibitisha uhamaji wa takribani watu milioni 1.2 kutoka Anatolia kuingia Ugiriki. Miongoni mwa wakimbizi hao walikuwamo wanamuziki wenye ujuzi mkubwa, waliokuja na udi, kanuni na fidla, pamoja na mtindo wa uimbaji uitwao amanes. Katika mtindo huo mwimbaji huchukua tathnia moja tu, kisha huirefusha kwa kughani bila mapigo maalumu, akilirudia neno la kilio, aman, kwa mipando na mishuko ya sauti. Roza Eskenazi na Rita Abatzi walikuwa miongoni mwa sauti mashuhuri za mtindo huo katika santuri za miaka ya 1930. Msikilizaji aliyezoea taarab kongwe hatauona kuwa mgeni kabisa, kwani udi na kanuni ni ala alizokulia nazo.

Sambamba na mtindo huo, bandarini Piraeus ulikua mwingine uliotegemea buzuki na baglama, ala za nyuzi zilizohusishwa na magereza na mapango ya wavuta bangi. Kiongozi wake alikuwa Markos Vamvakaris, mzaliwa wa kisiwa cha Syros mwaka 1905, aliyepata kuwa mpakiaji wa makaa ya mawe bandarini na mfanyakazi wa machinjioni. Mwaka 1934 yeye, Giorgos Batis, Anestis Delias na Stratos Pagioumtzis waliunda kundi la watu wanne ambalo wanahistoria wa muziki hulihesabu kuwa kundi la kwanza maarufu la rebetiko ya Piraeus. Sauti ya Vamvakaris ilikuwa ya mkwaruzo, isiyopitia shule yoyote. Lugha yake ilikuwa dimotiki iliyochanganyika na misimu ya mitaani.

Jenerali Ioannis Metaxas alipotwaa mamlaka yote tarehe 4 Agosti 1936, utawala wake uliweka udhibiti wa santuri. Maneno ya wimbo yalipaswa kuidhinishwa kabla ya kurekodiwa, na nyimbo za bangi na za wahuni zikakoma. Vamvakaris aliendelea kurekodi, akijikita zaidi katika mapenzi. Hadi hapo tunaona udhibiti wa kawaida wa matini, aina ambayo kila mwanafunzi wa fasihi anaifahamu.

Jambo linalohusu hoja yetu ni lile lililoupata mtindo wa amanes. Maneno ya amanes kwa kawaida hayakuwa na uchochezi wowote: mishororo miwili juu ya huzuni, mauti au mapenzi. Pamoja na hayo mtindo huo nao ulipigwa marufuku, kwa kuwa uimbaji wake ulihesabiwa kuwa wa mashariki na usiofaa taifa lililotaka kujiona la Ulaya. Kwa maneno mengine, dola haikuridhika kusoma maneno. Ilisikiliza sauti, ikaikuta na maana, ikaikataza maana hiyo. Mdhibiti alitambua kabla ya mhakiki kwamba namna ya kuimba ni kauli. Inasikitisha kwamba mara nyingi wanaoithamini sauti kwa uzito wake wa kisiasa ni wale wanaotaka kuinyamazisha.

Vita Kuu ya Pili na kukaliwa kwa nchi na majeshi ya Mhimili kulileta njaa kubwa. Delias alifariki mwaka 1944, akiwa bado kijana. Baada ya vita, Vassilis Tsitsanis, mzaliwa wa Trikala, aliiondoa rebetiko katika mazingira ya wahuni na kuipeleka kwa umma mpana zaidi. Wimbo wake ujulikanao kama Jumapili yenye Mawingu ulirekodiwa mwaka 1948 kwa sauti za Prodromos Tsaousakis na Sotiria Bellou, wakati nchi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi Januari 1949, Manos Hadjidakis, mtunzi aliyekuwa na umri wa miaka 23, alitoa mhadhara jijini Athens akiitetea rebetiko kuwa sanaa yenye ukweli na nidhamu. Ilihitaji ujasiri, kwa sababu watu wa mrengo wa kulia waliiona ni uchafu wa mashariki, na wengi wa mrengo wa kushoto waliiona ni ulevi unaowapumbaza wafanyakazi. Pande mbili zilizokuwa zikiuana msituni zilikubaliana katika jambo hilo moja.

3.0 Epitafios Mbili za Mwaka 1960

Mwezi Mei 1936 wafanyakazi wa tumbaku waliogoma huko Thessaloniki walipigwa risasi na polisi. Gazeti moja lilichapisha picha ya mama akimlilia mwanawe aliyelala barabarani. Kutokana na picha hiyo mshairi Yannis Ritsos aliandika Epitafios, jina ambalo kwa Wagiriki huita kumbukumbu ya ibada ya Ijumaa Kuu. Miezi michache baadaye utawala wa Metaxas ulizichoma moto hadharani nakala zilizokuwa hazijauzwa.

Kiarudhi, shairi hilo ni la mishororo ya mizani 15 iliyofungwa kwa vina viwili viwili. Kila mshororo una kipande cha mizani 8 na kingine cha mizani 7. Tukitumia istilahi zetu, ukwapi ni 8 na utao ni 7. Tofauti na shairi letu la mizani 16, ambamo ukwapi na utao hulingana, mshororo wa Kigiriki huchechemea kidogo mwishoni, kana kwamba pumzi imekatika mizani moja kabla ya wakati. Ni mshororo wa kale. Hutumika katika nyimbo za jadi, na hasa katika mbolezi ambazo wanawake huziimba juu ya maiti. Kwa hiyo Ritsos alimpa mama wa mfanyakazi bahari ile ile ambayo mama yeyote wa kijijini angeiomboleza nayo. Shairi lilitamani kuimbwa tangu lilipoandikwa.

Mikis Theodorakis alitunga muziki wa sehemu nane za shairi hilo mwaka 1958 akiwa Paris. Mwaka 1960 zilitoka rekodi mbili. Ya kwanza iliongozwa na Hadjidakis, ikaimbwa na Nana Mouskouri. Ya pili iliongozwa na Theodorakis mwenyewe, ikaimbwa na Grigoris Bithikotsis, huku Manolis Chiotis akipiga buzuki. Muziki ulikuwa ule ule na maneno yale yale. Hata hivyo mjadala mkali ulizuka magazetini na miongoni mwa wanafunzi wa vyuo: ipi ndiyo Epitafios ya kweli?

Mhakiki anayeshughulika na karatasi hana la kusema hapa, kwa sababu kwenye karatasi hakuna rekodi mbili. Kuna shairi moja. Tofauti yote imo katika sauti, nayo inaweza kuelezwa kwa hoja, si kwa hisia tu.

Mouskouri alikuwa amesomea muziki katika taasisi ya Athens. Sauti yake ni angavu, laini, yenye kuyazungusha maneno kwa upole. Pamoja na uongozi wa Hadjidakis, huzuni ya mama inakuwa ya faragha. Tunamsikia mwanamke mmoja chumbani, akizungumza na mwana mmoja. Usomaji huo una msingi katika matini, kwa kuwa msemaji wa shairi ni mama, na mengi ayasemayo ni mambo madogo ya nyumbani. Mwanamke kumwimba mwanamke kunaonekana kuwa jambo la kawaida kabisa.

Bithikotsis alizaliwa Peristeri, mtaa wa makabwela wa Athens, mwaka 1922, na alipata kufanya kazi ya ufundi bomba. Sauti yake ni nyoofu, haitetemi, haiombi huruma. Kila silabi inatamkwa kama mtu anayetoa ushahidi. Papo hapo inazuka tatizo: mwanamume mwenye sauti nzito anaimba maneno ya mama. Wapinzani wake waliuona ukinzani huo kuwa dosari. Sisi tunauona kuwa ndio ufunguo. Bithikotsis hamwigizi mama, wala hawezi. Kwa kutomwigiza anakuwa mchukuzi wa maneno yake, kama jirani anayesimulia alichokisikia msibani. Kilio kinatoka chumbani na kuwa cha mtaa mzima. Buzuki, ala ya bandari na magereza, inatoa fununu ya mahali ambapo kijana aliyeuawa angejisikia nyumbani.

Je, tunaweza kuamua ipi ni bora? Tunadai kwamba tunaweza, mradi kipimo kitajwe. Tukiuliza ni usomaji upi unaoeleza kwa nini mshairi alichagua bahari ya mbolezi, usomaji wa Bithikotsis una nguvu zaidi, kwa sababu mbolezi ni sanaa ya hadhira inayoomboleza pamoja. Tukiuliza ni upi unaolinda upole wa maelezo ya mwili na ujana wa mwana, Mouskouri anamzidi. Hapo uhakiki unafanya kazi yake ya kawaida: unapima tafsiri mbili za matini moja kwa ushahidi wa matini hiyo. Tofauti ni kwamba tafsiri zenyewe zimetolewa kwa koo, si kwa kalamu.

Ni muhimu pia kuikataa kauli iliyozoeleka kwamba watunzi wasomi waliiinua sauti ya watu wa chini. Ushairi wa vitabuni ulikuwa na wasomaji wachache. Sauti ya aina ya Bithikotsis ndiyo iliyokuwa na hadhira, nayo ilikuwa imejengwa kwa miongo mitatu na akina Vamvakaris. Tena, Bithikotsis alizirekodi upya nyimbo za Vamvakaris zama hizo hizo, wakati mzee huyo alikuwa amesahauliwa na kuandamwa na maradhi na ufukara. Aliyeinuliwa ni mshairi, na waliomwinua ni waimbaji. Mwaka 1964, To Axion Esti ya Elytis ilipotolewa jukwaani Athens kwa muziki wa Theodorakis, sauti tatu ziligawana kazi: mwimbaji wa mafunzo ya kitaalamu, msomaji, na Bithikotsis mwimbaji wa watu. Mgawanyo huo ulitambua waziwazi kwamba kila aina ya sauti ina mamlaka yake.

4.0 Nukta Isiyosikika

Hadi sasa tumemtetea mwimbaji. Haki inadai tuuangalie mfano ambao utetezi wake ni mgumu.

Seferis alichapisha shairi fupi liitwalo Arnisi, yaani Kukana, katika diwani yake ya kwanza mwaka 1931. Theodorakis alilitungia muziki mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Bithikotsis akaliimba. Likawa miongoni mwa nyimbo zilizopendwa mno nchini humo. Katika ubeti wa mwisho msemaji anaeleza kwa shauku kubwa jinsi walivyoyashika maisha. Kisha mshairi anaweka alama ya nukta ya juu, ambayo katika Kigiriki hufanya kazi ya nukta mkato, na baada yake linasimama neno moja tu lenye maana ya kosa. Ndipo shairi linamalizika kwa kusema kwamba walibadili maisha.

Katika wimbo, nukta hiyo haisikiki. Muziki unapita juu yake bila kutua, na neno linalofuata linaungana na kitenzi kilichotangulia. Matokeo yake ni ya kisintaksia, si ya kimuziki tu. Neno husika la Kigiriki ni nomino, lakini katika mazungumzo ya kawaida hutumika pia kama kielezi, bila kubadilika umbo. Likitanguliwa na kituo ni hukumu: lilikuwa kosa. Lisipotanguliwa na kituo huwa kielezi cha namna: waliishi vibaya, kimakosa. Kiswahili kina neno linalotenda vivyo hivyo, nalo ni bure. Linganisha “Tulikwenda, bure!” na “Tulikwenda bure.” Katika sentensi ya kwanza msemaji amekwenda kwa matumaini, kisha akagutuka. Katika ya pili ubatili umo ndani ya safari tangu mwanzo. Kinachozitenganisha ni kituo cha sauti peke yake.

Jambo hili limejadiliwa sana na wahakiki wa Kigiriki, wengine wakimlaumu mtunzi wa muziki kwa kuliharibu shairi. Katika lawama hiyo ni lazima kwanza kugawa wajibu. Mstari wa muziki ulitungwa na Theodorakis, na mwimbaji alipewa njia ambayo tayari ilikuwa imesawazishwa. Hata hivyo pumzi ni ya mwimbaji, na kutua kidogo kulikuwa ndani ya uwezo wake. Wajibu ni wa wote wawili, mkubwa wa mtunzi na mdogo wa mwimbaji.

Pili, ni lazima kukiri hasara. Kwenye karatasi, shauku ya ubeti wa mwisho inapanda, kisha inakatwa ghafla kwa neno moja. Mkato huo ndio bawaba ya shairi zima. Bila huo, kejeli ya mshairi juu ya shauku yake mwenyewe inayeyuka. Mhakiki hapaswi kuisamehe hasara hiyo kwa hoja kwamba wimbo ulipendwa. Kupendwa si jibu kwa swali la maana.

Tatu, pamoja na hasara hiyo, matini iliyoimbwa ilipata historia yake. Tarehe 21 Aprili 1967 makanali walitwaa madaraka. Mwezi Juni mwaka huo amri ya jeshi ilikataza muziki wa Theodorakis kupigwa na hata kusikilizwa. Seferis mwenyewe, aliyejulikana kwa ukimya wa kibalozi, alitoa tamko dhidi ya utawala huo mwezi Machi 1969. Alipofariki mwezi Septemba 1971, umati uliofuata jeneza lake katika mitaa ya Athens uliimba Arnisi, tena kwa muziki uliopigwa marufuku. Waliimba bila nukta.

Tuangalie maana ya tendo hilo. Umati ule haukuwa ukikosea. Uliimba shairi kama ulivyolipokea, na chini ya utawala wa kijeshi maana ya kuishi vibaya na kubadili maisha ilikuwa na uzito ambao kejeli ya mwaka 1931 haikuwa nao. Kwa usomaji wetu, shairi lililoandikwa ni la mtu anayejicheka. Lililoimbwa ni la watu wanaojisuta na kuazimia. Usomaji wa kwanza ni mpana zaidi kifasihi. Wa pili ndio uliotembea barabarani nyuma ya jeneza. Tunadai kwamba ni matini mbili, na kwamba mhakiki anayeisahihisha ya pili kwa kutumia ya kwanza atakuwa ametetea alama ya uandishi na kulipoteza tukio. Kadhalika, anayeisifu ya pili bila kuijua ya kwanza hatajua umma ule ulibadilisha nini.

5.0 Mwimbaji na Riziki Yake

Ikiwa mwimbaji ni msomaji wa matini, mazingira ya kazi yake ni sehemu ya usomaji huo. Njia nne zinatosha kulionesha hilo.

Stelios Kazantzidis, aliyezaliwa mwaka 1931 katika kitongoji cha wakimbizi cha Nea Ionia, alikuwa sauti ya wahamaji. Mwaka 1960 Ugiriki na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba wa wafanyakazi, na Wagiriki wengi wakaenda viwandani huko. Nyimbo za ugenini alizoziimba zilikuwa barua zao. Mwaka 1965, akiwa katika kilele cha umaarufu, aliacha kabisa kuimba katika vilabu vya usiku na hakurudi jukwaani hadi alipofariki mwaka 2001. Baadaye migogoro ya mkataba na kampuni yake ya santuri ilimweka kimya kwa miaka mingi. Mwimbaji asiyeonekana hubaki sauti tupu, na sauti tupu kila mhamaji huweza kuidhania kuwa ni yake.

Mouskouri alichukua njia nyingine. Baada ya mwaka 1960 alihamia Paris, akaimba kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiingereza na lugha nyingine. Mwaka 1963 aliiwakilisha Luxembourg katika shindano la nyimbo la Eurovision. Rekodi yake ya Kijerumani ya mwaka 1961 kuhusu mawaridi ya Athens iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, ikitumia muziki wa Hadjidakis. Mwaka 1984 aliimba tena Athens, katika ukumbi wa kale ulio chini ya Akropoli, baada ya takribani miaka ishirini. Ubora wa sauti yake haukupungua ugenini. Kilichobadilika ni uhusiano wa sauti na matini: aliyekuwa msomaji wa Ritsos akawa mjumbe wa nchi kwa wasiojua lugha yake.

Demis Roussos, mzaliwa wa Alexandria nchini Misri mwaka 1946, alianza na kundi la Aphrodite's Child pamoja na Vangelis. Kundi hilo lilihamia Paris mwaka 1968 na kuimba kwa Kiingereza. Kwao Kigiriki hakikuwa tena lugha ya wimbo bali lafudhi yake. Kinyume chao, Maria Farantouri, aliyezaliwa mwaka 1947, alizunguka majukwaa ya Ulaya na kwingineko wakati wa utawala wa makanali akiimba Kigiriki mbele ya wasiokijua. Hakutafsiri. Alitegemea kwamba sauti itabeba kiasi cha kutosha, na kutofahamika kwa maneno kukawa sehemu ya ujumbe: hapa kuna lugha iliyofungwa mdomo kwao.

6.0 Funzo kwa Uhakiki wa Nyimbo za Kiswahili

Mapendekezo yetu ni manne. Kwanza, anayeinukuu matini ya wimbo aandike pia mahali sauti inapotua, inaporudia na inapounganisha. Mfano wa bure umeonesha kwamba mambo hayo ni sarufi. Pili, panapokuwa na rekodi zaidi ya moja za utungo mmoja, zilinganishwe kama tunavyolinganisha miswada ya utenzi. Nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodi huko Bombay tangu mwaka 1928, ziliimbwa tena baadaye na Bi Kidude kwa sauti na mazingira mengine kabisa. Si haki kuziita nyimbo zile zile bila kwanza kusikiliza. Tatu, tutenganishe mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki na mwimbaji, kisha tugawe sifa na lawama ipasavyo. Nne, maisha ya kazi ya mwimbaji yachukuliwe kuwa ushahidi wa kihakiki, si mapambo ya dibaji.

Pendekezo la nne si geni kwetu. Shaaban Robert, aliyeijua arudhi kuliko wengi wetu, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwandishi mkubwa wa lugha hii alimwona mwimbaji kuwa anastahili kitabu. Njia hiyo aliyoifungua bado haijafuatwa kwa kiwango inachostahili.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba dola ya Metaxas iliisikia maana katika sauti, kwamba rekodi mbili za mwaka 1960 ni tafsiri mbili zinazopimika, na kwamba nukta moja isiyosikika inaweza kugeuza sintaksia ya shairi na bado ikalipa uhai wa pili. Katika mifano yote, mwimbaji amefanya kazi ambayo kwa kawaida tunaihesabu kuwa ya mhakiki: ameamua maneno yanamaanisha nini, kwa nani, na wakati gani. Amefanya hivyo bila tanbihi, akilipa gharama ya uamuzi wake kwa marufuku, uhamisho au ukimya.

Uhakiki wa Kiswahili una utajiri wa sauti zilizorekodiwa tangu miaka ya 1920, na sehemu kubwa ya santuri na kanda hizo inaharibika mwaka hadi mwaka. Maneno yake tumeyaandika kwa wingi. Sauti zenyewe zikipotea, tutabaki na beti zenye vina na mizani kamili, bila namna ya kujua wapi mwimbaji alitua.